Kutunga na Kurekodi Muziki wa Filamu Fupi ya Rafiki Yako: Mwongozo Kamili

Rafiki yako ametengeneza filamu fupi na anakuomba umtungie muziki. Bajeti imeishia kwenye nauli na chakula cha waigizaji, na wewe una gitaa, laptopu, maiki moja na chumba cha kulala. Vifaa hivyo vinatosha. Kinachowakwamisha wengi ni utaratibu: wanaanza kugonga biti kabla ya kujua filamu inataka muziki wapi, wanarekodi wakati uhariri bado unaendelea, wanatumiana MP3 kwa WhatsApp, na mwishoni muziki mzuri unakaa vibaya juu ya picha nzuri.

Ili tusizungumze hewani, nimebuni filamu ya mfano. Ina dakika 12, imepigwa Ngamiani, Tanga. Mama anakaanga vitumbua alfajiri. Binti yake amepata kazi za ndani Muscat na hajamwambia; mama anaikuta pasi ya kusafiria chini ya mto. Wanazungumza kidogo sana. Binti anaondoka kwa basi. Mwishoni tunamwona kwenye dirisha la ghorofa Muscat, Oman, akiongea na mama yake kwa simu. Kila hatua hapa chini nitaipima kwa filamu hii.

Ingia kabla kamera haijawashwa

Ukiweza, soma mswada kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha. Sababu ni moja na ni kubwa: muziki unaoonekana kwenye picha hutungwa kabla. Mama wa Ngamiani anakanda na kukaanga huku akivumisha wimbo wa kubembelezea watoto, midomo imefungwa. Kama mwigizaji atavumisha chochote kitakachomjia siku hiyo, utabaki na mahadhi usiyoyachagua, au mbaya zaidi, wimbo wa mtu mwingine. Mtungie wewe mahadhi mafupi, mfundishe siku mbili tatu kabla, na hayo hayo ndiyo yatakayokuwa mbegu ya muziki wote wa filamu.

Redio nayo iangalie. Waongozaji wanapenda kuacha redio ikilia dukani au jikoni ili mazingira yawe hai. Mkataze rafiki yako kwa upole lakini bila kulegea. Wimbo ukilia wakati wa kupiga picha, kila mkato wa mhariri unaukata na wimbo, na mazungumzo hayatenganishwi nao kwa urahisi. Isitoshe, wimbo huo una mwenyewe. Piga picha redio ikiwa kimya, kisha mrekodi wenyewe "wimbo wa redio" na mhariri auweke baadaye, umepunguzwa besi ili usikike kama unatoka kwenye spika ndogo.

Muulize pia mambo mawili ya kiufundi siku hiyo hiyo. La kwanza: fremu ngapi kwa sekunde? Huku kwetu wengi hutumia 25, wengine 24. Kuna 24 kamili na kuna 23.976, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo ni asilimia 0.1, yaani zaidi ya nusu sekunde kwa kila dakika 10. Ukizichanganya, kwa filamu yetu ya dakika 12 muziki ungefika mwisho ukiwa umepishana na picha kwa karibu robo tatu ya sekunde. Kama wanapiga kwa simu, wahakikishe programu ya kamera imefungwa kwenye idadi moja ya fremu, kwa sababu simu nyingi hubadilisha idadi hiyo zenyewe kufuatana na mwanga. La pili: filamu itaonyeshwa wapi? Ya kutazamwa YouTube kwenye simu na ya kuonyeshwa ukumbini kwenye tamasha la filamu kama ZIFF kule Zanzibar hazimiksiwi sawasawa.

Andikeni karatasi moja

Fanyeni hili mapema, mkiwa bado mnacheka pamoja. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili cha kawaida, na nyote mtie sahihi. Uandike kwamba wewe ni mtunzi na muziki unabaki wako. Kwamba filamu ina ruhusa ya kuutumia kwenye matamasha, televisheni na mtandaoni bila kikomo cha muda. Jina lako litaandikwaje kwenye majina ya mwisho. Na filamu ikiuzwa au ikishinda fedha, utapata sehemu gani. Hata kama jibu la hilo la mwisho ni "hakuna", liandikwe.

Kuna haki mbili ndani ya muziki mmoja: ya utunzi na ya rekodi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitambua zote, na inawalinda pia wapigaji. Kwa hiyo kila utakayemwita aje apige ala au aimbe naye asaini mstari mmoja wa kukubali rekodi yake itumike, na alipwe siku hiyo hiyo, hata kama ni kidogo. Utunzi unaweza kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania; kwa Kenya, mambo ya hakimiliki yako chini ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko.

Jambo linaloumiza wengi siku hizi: usipeleke muziki huo kwenye kampuni ya kusambaza nyimbo mtandaoni kabla hujaongea na rafiki yako. Mfumo wa YouTube wa kutambua sauti unaweza kuikamata filamu yake kana kwamba imeiba wimbo wako. Vivyo hivyo kwa vipande vya biti vya kupakua, ambavyo watu elfu wengine wamevitumia. Mmoja wao akivisajili kama vyake, filamu ya rafiki yako ndiyo itakayodaiwa. Piga mwenyewe.

Subiri picha ifungwe

Picha iliyofungwa ni ile ambayo mwongozaji na mhariri wamekubaliana haitaguswa tena, hata kwa fremu moja. Unaweza kutunga mahadhi kabla ya hapo, unaweza kujaribu ala, lakini usipange muziki kwa sekunde na usimwite mpigaji yeyote. Mhariri akipunguza sekunde mbili kwenye tukio la stendi, kazi yako yote ya kupanga mapigo imekwenda.

Ikishafungwa, omba faili yenye saa inayotembea juu ya picha ikionyesha saa, dakika, sekunde na fremu. Omba pia mazungumzo yawe upande mmoja, na muziki wa kushikiza (ule wa muda anaouweka mhariri wakati wa kuhariri), kama upo, uwe faili ya peke yake au usiwepo kabisa.

Kikao cha kupanga muziki

Hapa ndipo filamu inapopata au kukosa muziki wake, nami ningependa utumie muda mwingi hapa kuliko kwenye kifaa chochote. Kaeni wawili tu, wewe na mwongozaji. Tazameni filamu nzima mara moja bila kusimamisha na bila kalamu. Kisha itazameni tena mkisimama.

Kila mahali ambapo mwongozaji anasema "hapa tutie muziki", muulize: mtazamaji ahisi nini hapa ambacho picha na maneno havijampa? Akikosa jibu, pale hapahitaji muziki. Akijibu "nataka wahisi huzuni" na mwigizaji tayari analia, pale pia hapahitaji. Muziki unaorudia kile ambacho uso umeshasema unamfanya mtazamaji aone kwamba anasukumwa, na akishaona hivyo anafunga moyo.

Chukua tukio la pasi ya kusafiria. Waongozaji wengi watataka vinanda vianze kulia mara tu mama anapoinua mto. Mimi ningepigania ukimya. Jikoni mafuta bado yako motoni, na kwa mbali tunasikia vitumbua vikichemka kwenye mafuta bila mtu wa kuvigeuza. Mama huyu maisha yake yote hajawahi kuunguza kitumbua. Sauti ile ikiendelea, ikibadilika kidogo kidogo kuwa sauti ya kuungua, inasema yote. Muziki uingie baada ya yeye kuirudisha pasi pale pale alipoikuta na kuusawazisha mto. Hapo ameamua kunyamaza, na uamuzi huo hauonekani usoni. Ndiyo kazi ya muziki.

Andika kwa kila kipande: kinaanza sekunde gani, kwa tendo gani, kinaishia wapi na kwa nini. Kianze juu ya kitu: mkono unapogusa kitasa, pumzi, macho yanapogeuka. Kianzie sekunde moja kabla ya mkato ukitaka kumwandaa mtazamaji, na baada ya mkato ukitaka ajionee kwanza. Kumalizia ni kugumu kuliko kuanza. Njia iliyo safi ni kuumaliza muziki chini ya sauti nyingine, bodaboda inapopita au adhana inapoanza, ili kuondoka kwake kusisikike. Adhana yenyewe usiiwekee muziki chini yake.

Filamu yetu ikitoka kwenye kikao ina vipande vinne:

00:20 hadi 00:55, mama anavumisha jikoni.
04:10 hadi 04:50, baada ya pasi kurudishwa.
08:40 hadi 09:30, stendi ya basi.
10:50 hadi 12:00, Muscat, hadi majina yanapopita.

Jumla ni dakika 3 na sekunde 15 katika dakika 12. Usiogope uchache huo. Kipande cha stendi kitasikika kwa nguvu kwa sababu karibu dakika nne zilizokitangulia hazina muziki.

Huenda mhariri alishaweka muziki wa kushikiza, kipande cha filamu kubwa alichokipakua, na mwongozaji ameusikia kwa wiki nyingi mpaka ameuzoea. Usiushambulie, na usiuige. Muulize anachokipenda ndani yake: mwendo wake wa polepole? Kwamba ni ala moja tu? Kwamba unachelewa kuingia? Jibu hilo lina faida, muziki wenyewe hauna. Na mkizungumza, mwache azungumze lugha ya wahusika. "Mama hapa ana hasira au ana hofu?" ni swali analoliweza. "Unataka meja au maina?" litamfanya abahatishe, na wewe utatii bahati hiyo.

Mahadhi na ala

Tunga mahadhi mafupi kiasi kwamba mtu ayakumbuke baada ya kuyasikia mara moja. Noti tano au sita. Kwa filamu yetu: so, la, so, mi, re. Yanaishia kwenye re, hayajafika nyumbani. Mama anayavumisha hivyo jikoni, na kila yanaporudi kwenye filamu yanaishia hapo hapo, yananing'inia. Mara moja tu, mwishoni kabisa, yanashuka hadi do. Mtazamaji asiyejua noti hata moja atalisikia hilo.

Yajaribu kwa kuyaimba ukitembea, bila ala. Yakihitaji kinanda kuyasaidia yapendeze, bado hayajawa mahadhi.

Sasa ala. Watu wengi wakisikia "Pwani" hukimbilia udi na ngoma za kuashiria tu kwamba tuko Pwani. Sikiliza mahali penyewe. Tanga ina taarabu yake: vikundi vya huko kama Black Star na Lucky Star, kuanzia miaka ya 1960, vilipiga kwa gitaa la umeme na besi. Mama wa miaka sitini na zaidi wa Ngamiani amekua akisikia gitaa. Kwa hiyo ala ya mama ningeifanya gitaa la umeme, sauti safi, bila vikorombwezo. Udi ningeuhifadhi hadi Muscat. Udi ni wa pande zote mbili za bahari hii, Oman na Pwani yetu, na mahadhi ya mama yakitoka kwenye udi huku binti akiwa dirishani, tumejua kwamba yamevuka naye.

Kama filamu ya rafiki yako ni ya Dodoma, fanya uchunguzi wa namna hiyo hiyo huko. Ilimba (ala ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na zeze za Wagogo zina mpangilio wake wa sauti unaofuata mfululizo wa asili wa mlio, na haukai sawa na kinanda. Kanuni ni hii: ala isiyobadilika irekodiwe kwanza, na kinachoweza kubadilika kiifuate. Programu yoyote ya kinanda ina sehemu ya kupandisha au kushusha sauti kidogo kidogo. Tumia hiyo, na usimwambie mzee achonge upya ilimba yake. Mara nyingi jibu bora ni kukiondoa kinanda kabisa.

Na chini ya mazungumzo, kaa mbali na sauti ya binadamu. Sauti ya msingi ya mwanamke anayezungumza iko takribani kati ya hezi 165 na 255, na konsonanti zinazofanya maneno yaeleweke ziko juu, kuanzia hezi 2,000 hivi kwenda 4,000 na zaidi. Zumari, fidla ya juu na kayamba vitagombana na maneno. Nyuzi nene za gitaa zikipigwa taratibu, noti ndefu, zinapisha. Wimbo wenye maneno ya Kiswahili chini ya mazungumzo ya Kiswahili usiuweke hata kidogo. Mtazamaji hawezi kusikiliza watu wawili.

Hesabu ya mwendo

Sehemu hii inaogopwa bure. Tukio la stendi lina sekunde 50. Linaanza binti anapoinua begi. Kwenye sekunde ya 19.5 mama anauachia mkono wake. Kwenye sekunde ya 41 mlango wa basi unafungwa. Mwongozaji anataka muziki ugeuke mkono unapoachiwa.

Mwendo wa mapigo 72 kwa dakika unaonekana kufaa hatua zao. Kwa mwendo huo, sekunde 19.5 ni mapigo 23.4, katikati ya mapigo mawili, mahali pabaya. Tunataka yawe 24 kamili, yaani vipimo sita vya mapigo manne manne, ili mgeuko uangukie pigo la kwanza la kipimo cha saba. Zidisha mapigo unayoyataka kwa 60, gawanya kwa sekunde ulizonazo: 24 mara 60 ni 1,440, gawanya kwa 19.5, unapata 73.85. Andika namba hiyo kwenye programu. Ni masikio machache yatakayoona tofauti kati ya 72 na 73.85, lakini picha na muziki vitakutana.

Mlango wa basi, kwenye sekunde ya 41, unaangukia karibu nusu ya pigo. Uache. Muziki unaogonga kila tendo unageuza huzuni kuwa katuni, na mlango una sauti yake yenyewe. Hata kwenye ule mkono, noti icheleweshe kwa fremu mbili au tatu. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni sehemu 40 za elfu za sekunde. Mtu huona kwanza, akahisi baadaye, na muziki uje na hisia.

Kwa kipande cha Muscat sitatumia mapigo kabisa. Udi upigwe huru, mpigaji akitazama picha.

Rasimu, kisha kibali

Programu ya kutumia ichague kwa swali moja: inaonyesha video ndani yake? REAPER inaonyesha, ni nyepesi kwa laptopu ya kawaida na unaruhusiwa kuijaribu siku 60. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye sehemu kamili ya sauti. Audacity ni nzuri kwa kurekodi lakini haina dirisha la picha. Weka mradi kwenye hezi 48,000 (mara sauti inavyopimwa kila sekunde) na biti 24 (undani wa kila kipimo) tangu mwanzo, maana hicho ndicho kipimo cha video. Ukirekodi kwa 44,100 na faili ikasomwa kama 48,000, muziki utakwenda kasi kwa karibu asilimia 9 na kupanda sauti.

Tengeneza rasimu ya vipande vyote kwa kinanda cha kompyuta, iunganishe na picha, umpelekee mwongozaji. Mwambie wazi kwamba ala za kweli zitakuja, asikilize mahali, urefu na hisia tu. Akikubali, akubali kwa maandishi. Baada ya hapo ndipo unapowaita watu.

Kurekodi nyumbani

Chagua chumba chenye vitu vingi laini: kitanda, nguo zilizotundikwa, zulia. Kuta tupu za saruji zinarudisha sauti, na ni vigumu kwa programu kuiondoa vizuri. Egemeza godoro ukutani nyuma ya mpigaji, tundika mablanketi mazito mbele yake na pembeni. Kama paa ni la bati na ni msimu wa masika, tazama wingu kabla ya kumwita mtu.

Saa nzuri ni baada ya saa nne usiku, mtaa unapotulia. Zima feni. Zima friji, na uweke simu yako au ufunguo wa nyumba ndani yake. Hutalala bila kuiwasha tena. Chomoa chaja ya laptopu na ufanye kazi kwa betri, kwa sababu mvumo unaousikia kwenye gitaa la umeme mara nyingi ni hezi 50 za umeme wa ukutani na wenzake wa 100 na 150. Ukikaa na gitaa, geuka polepole hadi upande ambao mvumo unapungua. Upande huo upo karibu kila chumba. Hata umeme ukikatika mtaa mzima, kama laptopu ina chaji na intafesi yako (kisanduku kinachounganisha gitaa au maiki na laptopu) inakula umeme kupitia waya wa USB, rekodi. Huo ndio utulivu wenyewe.

Gitaa la umeme lichomeke moja kwa moja kwenye intafesi, kwenye tundu lililowekwa kwa ajili ya ala. Halihitaji maiki, halisikii jogoo wa jirani. Kiwango cha sauti kisizidi desibeli 10 au 12 chini ya kilele pale mtu anapopiga kwa nguvu zaidi. Kwa biti 24 huna sababu ya kurekodi kwa kelele. Sauti iliyopasuka hairudi.

Sauti ya mama irekodi upya na mwigizaji yule yule, hata kama ya siku ya kupiga picha ilitoka vizuri. Wengi humweka mtu sentimita 10 kutoka kwenye maiki, na inasikika kama anavumisha ndani ya sikio la mtazamaji. Yeye yuko jikoni, anafanya kazi. Mweke kama sentimita 60, mpe bakuli na mwiko akoroge, avumishe bila kujitahidi. Midomo iliyofungwa inakupa uhuru wa kulinganisha na picha.

Mpiga udi, kama ni mtu mzima, mfuate nyumbani kwake. Usimtumie ujumbe wala kijana. Shikamoo, habari za nyumbani, kisha mwonyeshe picha kwenye laptopu bila kumwambia apige nini. Mwimbie mahadhi ya mama mara mbili. Mwache apige anavyoyasikia yeye, na uwe umeshaanza kurekodi kabla hajajua mmeanza. Upigaji wa kwanza, akiwa bado anayatafuta mahadhi, mara nyingi ndio unaofaa dirisha lile la Muscat. Baada ya hapo ndipo mwombe vitu mahususi: "Mzee, hapa naomba upumzike kidogo kabla ya noti ya mwisho."

Maiki kwenye udi iwe umbali wa sentimita 30 hivi, ikielekea pale shingo inapoungana na kifua cha ala. Ikitazama tundu moja kwa moja utapata besi inayovuma na kufunika kila kitu. Kwa ngoma kama bongo au dumbaki nenda mbali, mita moja, juu kidogo. Maiki ya kondensa inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi. Usisahau kuuwasha, na ushushe sauti kabla ya kuuwasha. Huna maiki? Simu inaweza, ikiwa kwenye hali ya ndege, na programu inayorekodi WAV (faili ya sauti isiyobanwa) na kuruhusu kuzima urekebishaji wa sauti wa kiotomatiki, ule unaoinua kila ukimya hadi ukawa kelele.

Kabla hamjatawanyika, rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya, kila mtu ametulia. Utazihitaji kuziba mapengo pale utakapokata kikohozi.

Miksi chini ya maneno

Miksi ukiwa na mazungumzo na sauti za filamu zimefunguliwa muda wote. Muziki unaosikika mtamu peke yake mara nyingi umejaa mno. Mwangwi ulingane na mahali: gitaa la jikoni Ngamiani likiwa na mwangwi wa ukumbi mkubwa litamtoa mama jikoni kwake. Mpe mwangwi wa chumba kidogo tu. Muscat, kwenye ghorofa tupu, unaweza kuuachia udi nafasi kubwa zaidi.

Sikiliza kwa spika, kwa hedifoni, kisha kwa simu. Kwenye simu besi inapotea. Kama mahadhi yako yanabebwa na nyuzi nene peke yake, watazamaji wengi hawatayasikia. Ongeza sauti kidogo sehemu ya kati ya nyuzi hizo badala ya kuongeza besi. Limita, kile kifaa cha programu kinachobana vilele vya sauti, usiiweke. Anayemiksi filamu nzima anahitaji nafasi ya kuinua na kushusha, na muziki uliobanwa mpaka juu hauna pa kwenda.

Kukabidhi

Toa kila kipande kama WAV, hezi 48,000, biti 24. MP3 usitume, hata kwa haraka, kwa sababu huongeza kimya kidogo mwanzoni na kipande kinasogea. Kipe kila kipande namba, jina, toleo na saa kinapoanzia: 03_stendi_toleo4_08-40. Mbele ya kila kipande weka mlio mfupi wa fremu moja, wa hezi 1,000, sekunde mbili kamili kabla ya muziki kuanza, na umwandikie mhariri kwamba mlio ukae kwenye 08:38 hasa, kisha aukate. Tuma pia mafungu yaliyotenganishwa: gitaa, udi, ngoma, sauti. Siku ya mwisho mwongozaji akisema gitaa linafunika neno la binti, watalishusha gitaa peke yake bila kukupigia simu usiku.

Pamoja na faili tuma orodha ya muziki: jina la kila kipande, urefu, mtunzi, wapigaji. Matamasha na vituo vya televisheni huiomba, na ndiyo inayowasaidia wapigaji wako kutambuliwa. Kamwe usiache jina la mpigaji nje ya majina ya mwisho, na umuulize mwenyewe anavyoliandika.

Mwishowe omba nakala ya filamu iliyokamilika kabla haijapelekwa popote, uitazame yote na saa mkononi. Angalia mlio mfupi haukusahaulika ndani. Angalia mkono wa mama unaachia palepale, 08:59 na nusu. Angalia hakuna aliyeanza kufifisha udi kabla ya ile do ya mwisho ili majina yapite haraka. Hilo hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani, na likitokea, mpigie rafiki yako siku hiyo hiyo.